Kura ya Upawa

Ukitaka kujua uzito wa upawa, muulize aliyewahi kufungwa. Huku nje ni chombo cha jikoni kama vingine. Kule ndani, anayeushika ndiye anayeamua nani ale maharage na nani anywe maji ya maharage. Ukizamishwa hadi chini ya pipa huleta punje, ukipitishwa juu juu huleta mchuzi. Na mtu anayevunja kokoto kutwa kisha akanywa mchuzi miezi mitatu, nguo ndizo humvaa yeye.

Nilifundisha katika gereza moja miaka sita. Kabla ya hapo nilikuwa mshonaji wa magunia kiwandani kwa miaka ishirini na minane. Utotoni sikupelekwa shule. Nilianza kuzitambua herufi nikiwa na miaka thelathini na minne, katika darasa la jioni, vumbi la katani likiwa bado puani, na mtihani wa kidato cha nne niliufanya mwaka mmoja na binti yangu wa pili. Alinizidi alama sita tu. Sisemi haya kwa majivuno, ingawa mke wangu hushikilia kwamba ni majivuno matupu. Nayasema ili ieleweke kwamba kwangu mimi karatasi ilikuwa kitu cha heshima, na aliyeniamini kwa karatasi alikuwa ameniamini kwa kila kitu.

Gerezani karatasi ilihesabiwa kama risasi. Asubuhi nilikabidhiwa getini idadi kamili, nikatia sahihi, na wakati wa kutoka nilirudisha idadi ileile, nzima, bila hata kona moja iliyochanika. Wakubwa waliamini kwamba kipande cha karatasi huwa barua, na barua huwa njama. Kwa hiyo kila karatasi iliyokuwa mkononi mwa mfungwa ilipaswa kuwa na namba yake, juu, upande wa kulia. Aliyekutwa na karatasi isiyo na namba alilala chumba cha giza siku saba. Ndiyo maana somo la kwanza nililompa kila mwanafunzi halikuwa a wala be. Nilimshika mkono nikamwonyesha jinsi ya kuandika namba yake pale juu kulia, naye akaenda kuwafundisha wenzake bwenini. Wako walioondoka kwangu bila kuweza kuandika jina la mama yao, lakini namba waliiandika hata wakifumba macho. Katika miaka sita sikurudisha karatasi pungufu hata moja. Karani wa getini aliniita Mzee Amana, na nilipenda kuitwa hivyo kuliko nilivyokubali kuonyesha.

Darasa lilikuwa stoo ya zamani ya sabuni, na siku za joto kuta zilinuka sabuni bado. Ubao ulikuwa mlango uliopakwa rangi nyeusi, tundu la kitasa likiwa palepale. Kulikuwa na mabenchi sita, dirisha moja la juu lenye nondo, na askari mlangoni aliyesinzia kana kwamba ndiyo kazi aliyoapishwa. Wanafunzi walikuwa kumi na tisa, wote wa bweni la nne. Mwaka wa sita kikaletwa kitabu cha somo la uraia, pamoja na agizo kwamba tukifundishe. Nilikisoma mara tatu nyumbani kabla ya kukifungua mbele ya watu.

Niliwafundisha haki na wajibu, bunge na mahakama, lakini walichokipenda zaidi ni uendeshaji wa kikao: mwenyekiti, katibu, kutoa hoja, kuiunga mkono, kuijadili, kupiga kura, kukubali matokeo. Watu walioishi miaka kwa kuambiwa chuchumaa, simama, hesabu, geuka, walifurahia mno kumsikia mwenzao akisimama na kusema anaomba kuunga mkono hoja. Niliambiwa kwamba hata bwenini walikaa kikao rasmi kuamua zamu ya kulala karibu na ndoo ya haja, na kwamba mjadala ulikuwa mkali na wa heshima.

Upawa wa bweni la nne ulikuwa mkononi mwa nyapara, yaani mfungwa mwenzao aliyewekwa na askari kuwasimamia. Walimwita Shemeji, kwa sababu kila mgeni aliyeingia alimpokea kwa maneno yaleyale: karibu shemeji, dada yako hajambo? Wenzake wakacheka, na mgeni akajua tangu dakika hiyo kwamba heshima yake ameiacha getini pamoja na viatu. Alikuwa mtu wa shingo nene na kicheko kingi, na yeye na sajini wa bweni walikuwa chanda na pete. Rafiki zake walikula punje. Wengine walimfulia nguo na kumkanda miguu ili upawa uzame kidogo.

Aliyelianzisha jambo hili ni mfungwa tuliyemwita Fundi Saa. Alikuwa mwembamba, mwenye vidole virefu vya uangalifu, na saa za askari karibu wote zilitembea kwa kazi ya mikono yake, kwa sindano na kibano alichokikunja mwenyewe kutoka kwenye waya. Siku moja alinyoosha mkono akauliza, kwa adabu kabisa, kama mambo ya kitabu hiki ni ya kukariri tu au pia ni ya kufanya. Nilimjibu kuwa ni ya kufanya. Basi, akasema, yeye anatoa hoja kwamba mshika upawa achaguliwe kwa kura. Hoja iliungwa mkono na mabenchi yote sita, nami nikaipeleka kwa mkuu wa gereza.

Mkuu alikuwa na umri wa mwanangu wa kwanza. Shahada zake mbili zilikuwa ukutani ndani ya fremu, na kikombe chake cha chai kilifunikwa kwa kisahani. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kutazama saa. Akaniita mzee wangu. Alisema ni wazo zuri, kwamba wakubwa wake wangefurahi kulisikia, kwamba atakayeshinda atakabidhiwa upawa, na kwamba hilo ni neno lake. Nilitoka katika ofisi ile nikitembea kama mtu aliyevishwa joho.

Wa kusimama dhidi ya Shemeji alikuwa mmoja tu ambaye bweni zima lilimtaka, na yeye mwenyewe hakutaka. Tulimwita Mwashi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kujenga. Alifungwa miaka sita kwa kumpiga msimamizi wake hadi akampasua taya, na kwa kuwa mwenendo wake ndani ulikuwa mzuri, theluthi ya kifungo ilikuwa imefutwa. Alibakiza miezi mitano. Mkewe alimletea binti yao kila mwezi. Mtoto huyo alimwacha akiwa tumboni, sasa alijua kuhesabu mpaka ishirini. Mwashi alisema mtu wa miezi mitano hutembea ameambaa ukuta. Mimi ndiye niliyemshawishi. Nilimuuliza kama yeye anayekaribia kutoka anaogopa, atathubutu nani.

"Na kura ni siri kweli, Mwalimu?" akaniuliza. "Maana nikishindwa, walionipigia watakiona cha moto. Na nikishinda, ndiyo zaidi."

"Ni siri. Hata mimi sitajua nani kampigia nani."

Alitazama viganja vyake, kisha akasema, "Haya."

Tulipiga kura Jumamosi asubuhi. Bweni lilikuwa na watu hamsini na wanane. Tulining'iniza blanketi kwenye kona, nyuma yake tukaweka kigoda na kalamu ya risasi iliyofungwa kwa uzi, na mbele tukaweka ndoo mpya ambayo kifuniko chake kilikuwa kimetobolewa. Anayemtaka Shemeji achore duara, anayemtaka Mwashi achore mstari. Wanafunzi wangu walikuwa wameshinda siku tatu wakiwafundisha wenzao kwa kidole kilicholowa maji juu ya sakafu. Kabla ya kuanza nilizungumza karibu saa nzima. Nilieleza maana ya siri. Nilieleza kwa nini kuna blanketi. Waliingia mmoja mmoja, na wengine walikaa nyuma ya blanketi kwa muda ambao ungetosha kuandika waraka. Shemeji alipotoka alisema kwa sauti, "Mashemeji, msinisahau," watu wakacheka, na sajini aliyeegemea mlango akacheka pia.

Nilifungua karatasi ya kwanza. Ilikuwa na mstari mmoja mnene, uliokandamizwa mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Na juu, upande wa kulia, palikuwa na namba.

Nilidhani ni mmoja aliyepitiwa. Nikafungua ya pili, ikawa nayo. Ya tatu, nayo. Hakuna aliyewaambia waandike, na hapakuwa na haja ya kuwaambia, kwani mikono yao ilifanya kile nilichoifundisha kwanza. Nami niliyesema saa nzima, sikusema maneno matatu: leo msiandike namba. Kitabu hakikuwa na neno juu ya hilo. Waliokiandika hawakujua kwamba kuna mahali ambapo karatasi isiyo na namba ni siku saba za giza.

Nilifunika kona kwa dole gumba nikaendelea kusoma. Mstari. Mstari. Duara. Mstari. Mwishoni ilikuwa mistari arobaini na mmoja, maduara kumi na sita, na karatasi moja yenye vyote viwili. Mtu wa nyuma akasema huyo anataka kula mara mbili, na hicho ndicho kicheko cha mwisho nilichokisikia katika bweni la nne. Hakuna aliyeshangilia. Walikaa wakitazamana kama watu waliosimamishwa na mvua chini ya paa moja. Shemeji akaenda kumpa Mwashi mkono. "Hongera, shemeji," alisema, akiushika mkono ule muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Fundi Saa alikuwa akinisaidia kufunga karatasi kwa uzi. Aliinama karibu nami.

"Mwalimu, zina namba."

"Nimeona."

"Tuzile."

Nilidhani anatania. Akanieleza haraka, bila kuinua uso. Hakusema karatasi nzima, alisema kona tu. Sajini alikuwa ametoka kuvuta sigara. Karatasi ni hamsini na nane, wanafunzi kumi na tisa. "Tatu tatu," akasema, "na moja inayobaki utatafuna wewe."

Nilimwambia zinarudi getini nzima. Nilimwambia mkuu amenipa neno lake, nitamkabidhi yeye mwenyewe, mkononi. Nilimwambia kwamba hatuwezi kujifunza sheria asubuhi na kuivunja mchana. Nilisema vizuri. Nimejifunza kusema vizuri.

"Mwalimu," alisema Fundi Saa, "sisi ndio tunaolala humu."

Kisha akanipa uzi.

Getini karani alizihesabu na kuandika: zimerudi hamsini na nane, nzima. Kisha mkuu alizipokea kwa mikono miwili. Akazifungia kabatini mbele ya macho yangu na kutia ufunguo mfukoni. Nyumbani nilikula kwa hamu, nikamsimulia mke wangu kila kitu. Mke wangu alikuwa mkunga kabla hajastaafu, na ana kawaida ya kuuliza maswali mafupi.

"Zimefungiwa kwenye kabati la nani?"

"La mkuu."

"Na mkuu ni wa nani?"

Nilimwambia, mama watoto, mambo haya huyajui. Akaondoa sahani.

Mwashi alishika upawa siku nne. Nimesimuliwa na wengi, na wote husimulia jambo moja: kwamba alikoroga kwanza. Alikoroga pipa lote kutoka chini kama anayechanganya udongo wa kujengea, kisha akateka, kisha akasawazisha kwa kijiti, kila bakuli sawa, la Shemeji likiwamo. Watu wazima walikaa na mabakuli yao wakihesabu punje na kulinganisha, na hesabu zikakaribiana.

Siku ya tano kulikuwa na upekuzi. Waliingia moja kwa moja hadi kwenye godoro la Mwashi, na chini yake pakapatikana wembe. Alikaa chumba cha giza siku ishirini na moja. Theluthi yake ikarudishwa, na miezi mitano ikawa miaka miwili na miezi mitano. Kisha akahamishiwa gereza la mbali ambako mkewe hawezi kufika na kurudi kwa siku moja.

Kesho yake baada ya upekuzi, sajini alisimama uwanjani na orodha akasoma namba arobaini, za mistari yote ukiutoa wa Mwashi. Hakusoma jina hata moja. Wote arobaini walipelekwa kuvunja kokoto, wazima na wagonjwa, na mwenye kifua, na mwenye mguu uliopinda. Na upawa ulirudi kwa Shemeji.

Wiki hiyo hapakuwa na darasa, kwa hiyo mimi sikujua lolote mpaka Jumatano ya wiki iliyofuata nilipoingia darasani na kukuta watu kumi na mmoja. Wawili walikuwa hospitalini mwa gereza, wengine hawakuruhusiwa kuacha kazi ya kokoto. Fundi Saa alikuwapo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezungushiwa kitambaa. Mwenzake aliyechoka alikuwa ameteleza na nyundo, na vidole viwili, cha shahada na cha kati, vilikuwa vimesagika. Nilimwomba nione. Alikataa, bila hasira. Ni mmoja wa wengine aliyenieleza yote, kuanzia mwanzo, huku nikiwa nimesimama na chaki mkononi.

Nilikwenda ofisini kwa mkuu. Nilisubiri kwenye benchi saa mbili. Shahada zilikuwa palepale, kisahani kilikuwa juu ya kikombe. Nilimkumbusha neno lake. Alinijibu kwa upole kwamba upawa ulikabidhiwa kwa mshindi kama alivyoahidi, na kwamba wembe ni wembe. Kuhusu karatasi, alisema kila kilichomo gerezani ni mali ya gereza, na watu wa usalama walipoziomba hakuwa na sababu ya kuwanyima.

"Halafu, mzee wangu," akasema, "wewe mwenyewe ndiye uliyezileta. Hakuna aliyekunyang'anya."

Akaongeza kwamba taarifa ya zoezi letu imewapendeza wakubwa, na kwamba darasa liendelee.

Usiku huo sikula. Mke wangu aliondoa sahani ikiwa bado imejaa.

Ijumaa nilirudi na somo nililoliandaa, la mgawanyo wa madaraka. Walikuwapo walewale kumi na mmoja. Kabla sijaandika chochote ubaoni, mmoja wao, dereva wa malori mwenye mvi ambaye kwa kawaida ndiye tuliyemchagua kuwa mwenyekiti wa vikao vyetu, alisimama akaniomba nikae benchini. Alisema kuna kikao. Nilikaa. Benchi lilikuwa la chini kuliko nilivyojua. Nilikuwa sijawahi kulikalia.

Fundi Saa aliomba nafasi. Alitoa hoja kwamba Mwalimu asiendelee kulifundisha darasa hili. Ikaungwa mkono. Dereva akaifungua kwa mjadala, akakumbusha kwamba kila mmoja azungumze kupitia kwa mwenyekiti, kama nilivyowafundisha. Askari wa mlangoni alikuwa ameamka, na kwa mara ya kwanza alionekana anasikiliza.

Wa kwanza kunitetea alikuwa mtu ambaye miaka yote alitia dole gumba kwenye kila hati, pamoja na ile iliyompeleka jela. Alisema ameandika barua tatu kwa mama yake kwa mkono wake, na huyu mzee akiondoka hakuna mwingine atakayekuja. Wengine wawili walisema kosa langu lilikuwa la kibinadamu. Mmoja alisema namba waliziandika wao wenyewe, si mimi. Niliona aibu kwamba neno hilo linanipendeza.

Fundi Saa akaomba kujibu.

"Mwenyekiti, huyu mzee nampenda kama baba. Lakini aliambiwa, akakataa. Tukisema abaki kwa kuwa tunampenda, hata Shemeji ana wanaompenda."

Nikapewa dakika tatu. Nilikuwa na hotuba kichwani, maana kichwa changu hakikosi hotuba. Nikaanza kwa kusema nilikataa kwa ajili ya sheria, halafu nikasikia sauti yangu mwenyewe, nikaiacha hotuba. Kisha nikawaambia ukweli. Niliwaambia getini yuko karani anayeniita Mzee Amana, na kwamba pale bwenini, Fundi Saa aliponiambia tuzile, niliona uso wa karani huyo akipokea karatasi zisizo na kona, na sikuona uso wa mtu mwingine yeyote. Niliwaambia Mwashi aliniuliza kama ni siri, nami nilimwambia ni siri. Dakika zilibaki. Niliziacha.

Dereva akauliza wapige kura ya siri au ya mikono. Mtu akasema mikono, namba zetu wanazo tayari. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti hakupiga kura. Mikono sita iliunga mkono hoja. Mmoja ulikuwa wa kitambaa, umeinuliwa juu kuliko mingine. Mikono minne ilipinga. Mmoja wa wale sita ni mtu niliyemfundisha kusoma kwa miaka miwili na nusu, na alinitazama machoni mpaka mikono ilipohesabiwa. Sijui kama mimi, mahali pake, ningeweza.

Niliweka chaki na kitabu cha uraia juu ya meza. Nilipofika mlangoni katibu aliniita. Alikuwa amesimama mbele ya ubao, amekwisha kuandika hoja na idadi ya kura kwa herufi kubwa zilizopinda.

"Mwalimu, samahani. Niandike kwamba umekubali matokeo?"

"Andika."

Akaandika. Nilisubiri amalize. Askari akanipisha, nikatoka. Nyuma yangu nilimsikia Dereva akiuliza kama kuna hoja nyingine, na mtu akaomba nafasi kuhusu Mwashi, kwamba iandikwe barua, na ijadiliwe nani ataipeleka. Hakuna aliyesimama kuniaga, maana kikao kilikuwa hakijafungwa.